Samuel Okwaraji: Mwanasheria Aliyefia Uwanjani

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga. Methali hii aghalabu hutolewa matangani ili kuwaliwaza wafiwa, na hakika huwaliwaza, kwa kuwa huwaondolea walio hai mzigo wa kujiuliza kama lipo jambo ambalo wangalilifanya. Hata hivyo, vipo vifo ambavyo vinakataa kufunikwa na methali hiyo hata baada ya miaka mingi kupita. Kifo cha Samuel Sochukwuma Okwaraji, kiungo wa timu ya taifa ya kandanda ya Nigeria, ni kimojawapo. Alianguka uwanjani mjini Lagos siku ya Jumamosi, tarehe 12 Agosti 1989, katika dakika ya 77 ya mchezo, mbele ya maelfu ya mashabiki waliokuja kumshangilia yeye na wenzake. Alikuwa na umri wa miaka 25.

Huenda msomaji akauliza ni kwa nini jarida la wanafunzi wa Kiswahili limtengee nafasi mwanasoka wa Afrika Magharibi. Sababu ni mbili. Kwanza, Okwaraji alikuwa msomi kabla ya kuwa shujaa wa umma, na maisha yake ni jibu kwa swali linalowasumbua wanafunzi wengi wa vyuo vyetu kuhusu mpira na kitabu. Pili, namna mashabiki walivyomlilia, na wanavyoendelea kumlilia hadi leo, ni jambo linalomhusu moja kwa moja mwanafunzi wa fasihi simulizi. Sisi tunaosoma na kufundisha mbolezi madarasani hatuna budi kujiuliza mbolezi humfanyia nini marehemu na humfanyia nini aliye hai.

Kuzaliwa na Masomo

Okwaraji alizaliwa tarehe 19 Mei 1964 huko Orlu, katika eneo ambalo leo ni Jimbo la Imo, kusini mashariki mwa Nigeria, nchi ya Waigbo. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu, mnamo Julai 1967, vita vya Biafra vilizuka. Orlu ilikuwa ndani ya eneo lililojaribu kujitenga, eneo ambalo lilizingirwa na kukumbwa na njaa iliyowaua watoto wengi mno kabla vita havijakoma mnamo Januari 1970. Tulitaje jambo hili mapema kwa sababu lina uzito katika mwisho wa kisa chetu. Mtoto aliyezaliwa katika ardhi hiyo ndiye aliyekuja kufa akiwa amevaa jezi ya kijani ya Nigeria, na waliomlilia walikuwa Waigbo, Wayoruba, Wahausa na watu wa makabila mengine yote ya taifa hilo.

Kijana huyu hakuridhika na kipaji cha miguu pekee. Alisafiri hadi Italia, akasomea sheria, na hatimaye akahitimu shahada ya uzamili katika sheria ya kimataifa kwenye Chuo Kikuu cha Roma. Katika kipindi hicho hicho alikuwa akicheza kabumbu. Wahenga walionya kwamba mshika mbili moja humponyoka, na wazazi wengi humu nchini wameitumia methali hiyo kuwanyang'anya wana wao mpira. Okwaraji alizishika zote mbili. Yeyote aliyewahi kuandika tasnifu anajua kwamba kazi hiyo haiwezi kufanywa kwa mkono wa kushoto, na yeyote aliyewahi kufanya mazoezi na timu ya kulipwa anajua kwamba kocha hana simile na mchezaji anayesinzia kwa kukesha vitabuni. Kuyamudu yote mawili ugenini, tena katika lugha ambayo si ya nyumbani, ni ushahidi wa nidhamu isiyo ya kawaida.

Safari ya Kandanda

Okwaraji alipita katika vilabu kadhaa barani Ulaya. Miongoni mwa vilabu hivyo ni Dinamo Zagreb, katika nchi iliyoitwa Yugoslavia wakati huo, Austria Klagenfurt ya Austria, pamoja na VfB Stuttgart na SSV Ulm za iliyokuwa Ujerumani Magharibi. Ikumbukwe kwamba miaka hiyo ya themanini wachezaji wa Kiafrika barani Ulaya walikuwa wachache kuliko ilivyo leo. Mvutano kati ya vilabu vya Ulaya na mataifa ya Afrika kuhusu nani ana haki ya kumtumia mchezaji ulikuwa wa mara kwa mara. Klabu ilimlipa mshahara. Taifa lilimwita kwa mechi ambazo mara nyingi hazikuwa na malipo ya kutajika.

Okwaraji alijulikana kwa msimamo wake katika suala hilo. Alishikilia kwamba wito wa nchi yake ulitangulia mkataba wa klabu, na hakusita kugombana na waajiri wake ili aruhusiwe kusafiri. Nchini Nigeria husimuliwa pia kwamba alikuwa tayari kujilipia nauli ya ndege ili aitumikie timu ya taifa. Kwa mwanasheria anayefahamu mkataba ni nini na kuuvunja kunaleta nini, msimamo huo haukuwa jazba ya kijana asiyejua anachokifanya.

Ni katika jezi ya taifa ambapo kisa cha Okwaraji kinakutana na Kenya. Mnamo Machi 1988, Moroko iliandaa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Harambee Stars ilikuwa imefuzu kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa 1972, na Wakenya walikuwa na kila sababu ya kutumaini. Mwaka uliotangulia, timu hiyo ilikuwa imefika fainali ya Michezo ya Afrika jijini Nairobi na kushindwa na Misri kwa bao moja tu, nayo Gor Mahia ilikuwa imetwaa kombe la Afrika la vilabu washindi. Kura iliiweka Kenya mjini Rabat katika kundi moja na Nigeria, Kameruni na Misri. Katika mechi ya kwanza Nigeria iliinyuka Kenya mabao 3 kwa nunge. Hivyo basi, mashabiki wetu wa rika la wazazi wetu walilifahamu jina la Okwaraji kwa uchungu wa kushindwa kabla ya kulifahamu kwa uchungu wa msiba, kwani kikosi kilichotuzamisha ndicho kilichokuwa chake.

Katika mechi iliyofuata, dhidi ya Kameruni, Okwaraji alifunga bao mchezo ukiwa ndio kwanza umeanza, kabla hata ya baadhi ya watazamaji kutulia vitini. Mechi hiyo iliisha kwa sare ya bao 1 kwa 1. Nigeria ilisonga hadi fainali mjini Casablanca, ambako ilikutana tena na Kameruni na kulazwa kwa bao 1 la mkwaju wa penalti. Mashabiki wa Nigeria hadi leo hulalamikia bao la Henry Nwosu lililokataliwa na mwamuzi siku hiyo. Baadaye mwaka huo huo Okwaraji alikuwa katika kikosi cha Nigeria kilichoshiriki Michezo ya Olimpiki jijini Seoul, Korea Kusini, ambako Nigeria ilipoteza mechi zake zote tatu.

Jumamosi ya Agosti 1989

Mwaka wa 1989 ulikuwa mgumu kwa Wanigeria. Nchi ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi wa Jenerali Ibrahim Babangida, na mpango wa kurekebisha uchumi uliokuwa umeanzishwa mwaka wa 1986 ulikuwa umepandisha bei za bidhaa na kuishusha thamani ya sarafu. Mnamo Mei na Juni mwaka huo, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa miji kadhaa waliandamana kuupinga mpango huo, na maandamano yakageuka ghasia. Katika hali hiyo timu ya taifa ilikuwa mojawapo ya mambo machache ambayo raia wangeweza kuyashangilia pamoja bila ya kuulizana kabila wala chama.

Nigeria ilikuwa haijawahi kufuzu kwa Kombe la Dunia. Afrika nzima ilikuwa imetengewa nafasi 2 pekee katika fainali za mwaka wa 1990 nchini Italia, nchi ile ile ambayo Okwaraji alikuwa amesomea sheria. Katika kundi la mchujo Nigeria ilikuwa pamoja na Kameruni, Angola na Gabon. Mechi dhidi ya Angola ilichezewa katika Uwanja wa Taifa, Surulere, jijini Lagos. Huu ndio uwanja uliotumiwa kwa Michezo ya Afrika ya mwaka wa 1973, na ndimo Nigeria ilimolitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza mnamo 1980. Siku hiyo ulifurika pomoni. Msongamano ulikuwa mkubwa kiasi kwamba baadhi ya mashabiki nao walipoteza maisha, na majina yao hayakuwahi kuimbwa na mtu.

Nahodha Stephen Keshi aliifungia Nigeria bao. Mchezo uliendelea. Katika dakika ya 77, Okwaraji alianguka. Hapakuwa na mpinzani aliyemgusa. Hapakuwa na rafu, mgongano wala filimbi ya mwamuzi. Mtu aliyekuwa akikimbia alilala chini, akatolewa nje ya uwanja, na hakuinuka tena. Nigeria ilishinda kwa bao hilo 1, lakini ushindi uligeuka matanga habari za kifo chake zilipoenea.

Uchunguzi wa maiti ulibainisha kwamba moyo wake ulikuwa umepanuka na kwamba alikuwa na shinikizo la juu la damu. Kwa maneno mengine, kijana huyu aliyekuwa na pumzi ya kuzunguka uwanja mzima alikuwa amebeba kifuani maradhi ambayo mashabiki wake hawakuyajua. Wiki mbili baadaye, tarehe 27 Agosti, Nigeria ilishindwa na Kameruni bao 1 kwa nunge mjini Yaoundé, na ndoto ya kwenda Italia ikazimika. Kameruni ndiyo iliyokwenda, ikaishangaza Argentina katika mechi ya ufunguzi, na ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika robo fainali ya Kombe la Dunia. Nigeria ilisubiri hadi mwaka wa 1994.

Mbolezi ya Mashabiki

Okwaraji alizikwa katika ardhi ya kwao huko Orlu. Sanamu yake ilisimamishwa nje ya uwanja ule ule aliofia. Kila ifikapo tarehe 12 Agosti, wanahabari wa michezo na mashabiki wa Nigeria humkumbuka, wakiwemo wengi ambao hawakuwa wamezaliwa alipofariki. Masimulizi yao yana muundo unaojirudia, na muundo huo ndio unaomvutia mwanafunzi wa fasihi. Kwanza hutajwa elimu yake. Kisha hutajwa mapenzi yake kwa nchi na jinsi alivyokaidi klabu. Halafu hutajwa dakika ya 77. Mwisho huja maombolezo, na mara nyingi lawama kwamba nchi haikumuenzi inavyostahili. Sifa, huzuni, swali kwa mauti na lawama kwa walio hai ni viungo vya mbolezi tunavyovifahamu kutoka katika jamii nyingi za Kenya. Mashabiki wa kandanda, bila ya kufundishwa na yeyote, wametunga mbolezi ya umma na kuihifadhi kwa zaidi ya miaka 30.

Kwa maoni yangu, mbolezi hiyo ina fadhila moja kubwa na upungufu mmoja mkubwa. Fadhila yake ni kwamba ilimfanya mtoto wa Orlu kuwa mtoto wa Nigeria nzima, miaka 19 tu baada ya vita vilivyolipasua taifa hilo. Upungufu wake ni kwamba humsifu marehemu kwa nguvu zake na kuyapita mbio yale yaliyomuua. Katika utamaduni wetu tunaye Fumo Liyongo, ambaye watu walimjua kwa nguvu zake. Kisa chake kinasimulia kwamba baada ya kuchomwa sindano ya shaba kitovuni alipiga goti kisimani, upinde mkononi, akafa katika hali hiyo; nao watu wa mji hawakuthubutu kusogea kwa kudhani yu hai. Nguvu za shujaa ziliwafanya wasiione hali yake. Mashabiki wa Lagos hawakumwogopa Okwaraji kama watu wa mji walivyomwogopa Liyongo, ila walifungwa macho na jambo lile lile. Nani angemshuku mwanariadha wa miaka 25 kuwa mgonjwa wa moyo?

Swali hilo lingeweza kusameheka mnamo 1989. Lakini vifo havikukoma. Mnamo Oktoba 1995 Amir Angwe wa klabu ya Julius Berger alianguka na kufariki katika mechi jijini Lagos. Tarehe 26 Juni 2003 Marc-Vivien Foé wa Kameruni, mwenye umri wa miaka 28, alianguka katika dakika ya 72 ya nusu fainali dhidi ya Kolombia mjini Lyon, Ufaransa. Mnamo Machi 2010 Mnigeria Endurance Idahor alianguka uwanjani nchini Sudan na kufariki. Mnamo Machi 2020, zaidi ya miaka 30 baada ya Okwaraji, Chineme Martins wa Nasarawa United alifariki katika mechi ya ligi mjini Lafia, na mjadala kuhusu huduma ya dharura katika viwanja vya Nigeria ukaanza upya kana kwamba haujawahi kufanyika.

Kinga Ipo

Katika muda huo, sayansi haikulala. Leo inafahamika kwamba baadhi ya maradhi ya moyo kwa wanamichezo yanaweza kugunduliwa mapema kwa kupima shinikizo la damu, kuchunguza mapigo ya moyo kwa mashine na kuuliza kama katika ukoo yupo aliyefariki ghafla akiwa kijana. Kuanzia Kombe la Dunia la mwaka wa 2006, Shirikisho la Kandanda Duniani lilianzisha utaratibu wa kuwapima wachezaji kabla ya mashindano. Inafahamika pia kwamba mtu ambaye moyo wake umesimama ghafla anaweza kuokolewa endapo kifua chake kitaanza kukandamizwa papo hapo, na moyo ukashtuliwa kwa kifaa cha umeme bila kuchelewa. Kila dakika inayopita bila msaada hupunguza nafasi ya kupona kwa takriban asilimia 10.

Ushahidi upo. Mnamo Machi 2012 Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa aliyekuwa akiichezea Bolton Wanderers, alianguka mjini London akiwa na umri wa miaka 23. Daktari wa moyo aliyekuwa amekuja uwanjani kama shabiki wa timu pinzani aliteremka kutoka jukwaani na kujiunga na matabibu waliokuwa wakimhudumia. Moyo wa Muamba ulikaa dakika 78 kabla ya kurejea kupiga wenyewe, naye akapona. Mnamo Juni 2021 Christian Eriksen wa Denmark alianguka jijini Copenhagen, akahudumiwa pale pale, na baadaye akarudi kucheza. Wawili hawa walianguka kama Okwaraji alivyoanguka. Tofauti ni kwamba waliokuwa karibu nao walijua la kufanya na walikuwa na vifaa vya kulifanya.

Hitimisho

Wengi wetu tunaosoma jarida hili tutakuwa walimu wa Kiswahili katika shule za upili, na ijulikane kwamba mwalimu kijana anayeripoti shuleni kwa mara ya kwanza hukabidhiwa pia timu ya mpira. Utasimama kando ya uwanja wenye vumbi, filimbi shingoni, na vijana 22 watakuwa mikononi mwako. Mimi mwenyewe nimeshuhudia mechi za wanafunzi ambapo sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa na bandeji na chupa ya dawa ya vidonda, basi, na hakuna mtu aliyejua ufunguo wa gari la shule uko kwa nani. Siku hiyo hakuna aliyeanguka. Sote tulirudi nyumbani tukiimba.

Gharama ya kujifunza kukandamiza kifua ni alasiri moja. Gharama ya kujua gari liko wapi, dereva ni nani na hospitali iliyo karibu ni ipi ni swali moja kabla ya mechi kuanza. Kumwuliza mwanafunzi kama huwa anazirai mazoezini, au kama kuna aliyefariki ghafla kwao, hakugharimu chochote. Wahenga waliotuachia methali kwamba ajali haina kinga ndio hao hao waliotuachia nyingine kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Tumezoea kuitamka ile ya kwanza makaburini. Hii ya pili inafaa itamkwe uwanjani, kabla ya filimbi kupigwa.

Samuel Okwaraji aliwapa mashabiki wake elimu yake, miguu yake na, bila kukusudia, uhai wake. Wao walimpa machozi na sanamu. Bado anadaiwa jambo moja, nalo ni kuhakikisha kwamba kijana mwingine akianguka uwanjani, wawepo watu wanaojua kumkimbilia. Mola ailaze roho yake mahali pema.